Aliyeitika Chini ya Popo

Jibu? Hapana, jibu hakuiba hata moja, usimsingizie mtoto wa watu. Angeiba jibu hadithi ingekuwa fupi, tungeshamaliza, kila mtu angeshika njia yake. Nyamizi alifanya kitu kidogo kuliko hicho. Kidogo kabisa, kitu ambacho watu wanakifanya kila asubuhi bila hata kufikiri. Ndo maana ilimkaa vibaya. Mwizi anajua ameiba, basi, yamekwisha. Yeye alikuwa na aibu na hajui aiweke wapi.

Ngoja nianzie getini, maana ukianzia katikati utasema mbona hivi, mbona vile.

Ilikuwa Tabora, siku ya mtihani wa kuingilia chuo cha sheria, kwenye ukumbi ule wa bati la bluu. Mjomba wake Nyamizi, anaitwa Mihayo, alimpakia kwenye pikipiki yake ya betri, wakafika mapema mpaka wakakuta geti bado lina mnyororo. Nyamizi kashika begi la nailoni, lile la kuonyesha kila kitu kilichomo. Penseli, kifutio, kitambulisho, chupa ya maji iliyobanduliwa karatasi yake. Ndivyo masharti yalivyosema. Kofia hapana. Saa hapana. Mtandio ukaguliwe. Hirizi hapana, na hapo Mjomba Mihayo alijishika mkono haraka haraka, na wala yeye si mtahiniwa.

Msimamizi alikuwa Mgogo mmoja mrefu, Bwana Malogo, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Alipomwona Mihayo tu akajua ni mtani.

"Wewe Mnyamwezi, na uzee huo, unakuja kufanya mtihani?"

"Nimeleta mzigo."

"Bado tu mnabeba mizigo? Babu zenu hawakuchoka?"

"Na nyie bado mnakaa njiani kudai hongo," Mihayo akamjibu. "Babu zetu walipita kwenu mkawatoza mpaka maji ya kunywa. Leo mmepewa geti kabisa, tutapona?"

Watu wakacheka. Hata Nyamizi alicheka. Halafu Bwana Malogo akaacha kucheka, akapandisha sauti foleni nzima isikie.

"Sikilizeni! Uzi una ncha mbili. Hapa tunafunga ncha ya mtahiniwa. Nyumbani, kila mwenye uzi wa nyumba hiyo afunge ya kwake, asifungue mpaka karatasi zikusanywe. Atakayefungua uzi ndani ya ukumbi, anatoka. Hakuna kesho, hakuna samahani mzee."

"Kwetu wote tumefunga," Mihayo akasema. "Hata Bibi nimemfunga mimi kwa mkono wangu."

Nyie mmezaliwa uzi umeshapitwa na wakati, ndo maana mnanitolea macho. Ulikuwa mwembamba, mwembamba kuliko unywele wa mtoto. Mtoto akiachishwa ziwa anapelekwa zahanati, wanauchomeka nyuma ya sikio, na unakuwa umesokotwa kwa mate ya watu wa nyumba yake. Basi hapo ukiwa na ndugu yako, hata awe Mwanza, unamsikia kama yuko chumba cha pili. Na sio maneno tu. Ule uzi ulikuwa unabeba na joto la moyo. Mama akikasirika jikoni, wewe huko shambani unahisi shingo inawaka. Kulikuwa na raha yake na kulikuwa na adha yake. Hukuweza kumdanganya mtu wa nyumbani kwako, labda ufunge.

Nyamizi akageuza sikio. Dada mmoja akambana kibanio cha plastiki, kikawaka kijani. Ukimya. Ule ukimya ulimshtua, kama mtu aliyezoea kulala karibu na mashine ya kusaga halafu ikazimwa. Nyumbani walikuwa wameshafunga alfajiri, ila kwa mbali alikuwa bado anasikia mvumo wao; sasa hata huo hakuna. Hakuhisi hata wasiwasi wa mama yake.

Aliyefuata nyuma yake alikuwa kijana mmoja, suruali fupi kidogo ya kuazima, anaitwa Obadia. Yule dada kamgeuza sikio hili, kamgeuza lile, kapapasa.

"Uzi wako uko wapi?"

"Sina."

"Huna vipi? Kila mtu ana uzi."

"Nimelelewa kituoni," Obadia akasema, na akasema kwa sauti ya chini, ila foleni ikanyamaza yote kumsikiliza. "Hakukuwa na mtu wa kutoa mate."

Yule dada akabaki na kibanio mkononi. Bwana Malogo akaja, akamtazama yule kijana, akajikuna kidevu. Masharti yalisema kila mtahiniwa awe na kibanio cha kijani. Hayakusema habari ya mtu asiye na cha kubana. Mwisho akasema aingie, ila akae mstari wa mbele aonekane vizuri. Akapewa meza iliyopakana na ya Nyamizi.

Juu darini alikuwa ananing'inia Popo. Ni mashine tu, nyeusi, imekunjamana, watu ndo waliipa jina. Kazi yake kusikiliza nyuzi. Uzi wowote ukizungumza humo ndani, hata kwa siri namna gani, Popo anapiga yowe. Ubaya wake mmoja: hajui ni nani. Anajua mstari tu. Anawasha taa ukutani, mstari wa kwanza, wa pili, halafu binadamu watafutane wenyewe.

Basi. Wakaanza.

Kulikuwa na swali la mbuzi. Mbuzi wa huyu kala mahindi ya yule, lakini uzio alioubomoa ni wa mtu wa tatu, nani alipe. Nyamizi analipenda swali la namna hiyo, tangu mdogo alikuwa anaamua kesi za kuku pale nyumbani. Penseli inakwenda. Mara nyuma ya sikio, tu-tu, pakagongwa.

Kibanio kinazuia sauti, lakini mtu wa ncha ya pili akigonga, unahisi. Kama kidole cha moto. Na Nyamizi aliujua ule ugongaji, ingekuwa kati ya watu mia angeujua. Bibi Nyanzala. Bibi kafungua.

Sasa mwelewe huyu Bibi. Tangu ameingia kwenye nyumba ile hajawahi kuacha jua lipande bila kumsalimia kila mtu wake mmoja mmoja, na kila mmoja aitike. Mwaka uliotangulia aligonga kwa mwanawe wa kwanza, aliyekuwa kazini mgodini. Hakuitikiwa. Akagonga tena. Walipokwenda kumtazama walikuta amekwisha kufa, kaanguka peke yake chumbani. Tangu hapo, salamu isipoitikiwa, yule mama anatetemeka mpaka anashindwa kushika kikombe. Mjomba Mihayo kamfunga alfajiri, sawa, kamfunga. Ila alifunga kabla hawajasalimiana yeye na mjukuu.

Tu-tu. Tena. Halafu ya tatu, na safari hii ilikuja na woga ndani yake, Nyamizi akauhisi unapenya hata kwenye kibanio.

Akapeleka kidole kama anajikuna. Akabonyeza, wakasalimiana kimoyomoyo kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, mwanangu."

"Mwangaluka, Bibi. Niko kwenye mtihani."

"Haya mama. Andika vizuri."

Akaachia. Kibanio kikarudi kijani. Ni hayo tu waliyosema, kama nilivyokuambieni, hakuna jibu humo.

Popo akapiga yowe.

Watu wakaruka, penseli zikaanguka. Taa ukutani: mstari wa kwanza. Bwana Malogo akaja anatembea polepole, anatazama sikio moja moja. Kijani. Kijani. Kijani, hicho cha Nyamizi. Halafu akafika kwa Obadia, ambaye hana kitu.

"Nani amezungumza?"

Kila mtu akatazama meza yake.

"Nauliza kwa mara ya mwisho, nani?"

Nyamizi alifungua mdomo. Naomba hilo mlijue, alifungua. Ulimi ukagoma. Alikuwa anafikiria mama yake aliyekuwa anauza maandazi ili yeye asome, anafikiria aliyofundishwa, anafikiria hata yule mbuzi. Akafunga mdomo.

"Wewe," Bwana Malogo akamwambia Obadia. "Umeficha uzi wapi?"

"Sina uzi, mzee."

"Hapa wote wamebanwa isipokuwa wewe. Na mtu amezungumza."

"Mzee," yule kijana akasema, "mimi wa kuzungumza naye ni nani?"

Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo. Bwana Malogo hakucheka, lakini masharti ni masharti, akachukua karatasi ya Obadia akaigeuza kifudifudi, akamwonyesha mlango. Yule kijana akakusanya vitu vyake kwenye begi lake la nailoni, taratibu, kifutio, penseli, chupa. Kabla hajaondoka akamtazama Nyamizi. Hakumtazama usoni. Alitazama kile kidole.

Na aibu yenyewe ilikuwa hapa: Nyamizi akaendelea kuandika, na aliandika vizuri. Swali la mbuzi kalimaliza, la mkataba kalimaliza, lile la kutafuta nani mwongo kati ya mashahidi ndo kalijibu kuliko yote. Kila alipomaliza moja alijisemea, sasa nitanyanyua mkono. Halafu anageuza ukurasa.

Walipotoka, Mihayo alikuwa getini anawatania walinzi.

"Mheshimiwa Jaji! Haya fungua uzi, nyumbani wanakufa kwa hamu."

"Nitafungua tukifika."

"Kwa nini tukifika?"

"Kichwa kinauma, Mjomba."

Ukutani pale nje, kwenye ukingo wa mtaro, Obadia alikuwa amekaa. Hajaenda popote. Begi lake kaliweka mapajani, kalikumbatia kama mtu anayesubiri treni ambayo imeshapita. Mihayo akamwona.

"Huyu si yule wa foleni? Mbona kama kafiwa?"

"Alitolewa," Nyamizi akasema. Akapanda pikipiki, akageuza uso upande wa pili.

Nyumbani kulinukia mpaka barabarani. Walikuwa wamechinja jogoo. Kuna wali, kuna ugali, kuna nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, mama kayaunga kwa karanga mpaka yanang'aa. Jamvi limetandikwa. Lakini hakuna aliyekaa. Kwenye nyumba ile chakula cha furaha hakiliwi mpaka nyuzi zote ziwe wazi, ili mmoja akionja, utamu uwafikie wote. Wote wamesimama wanamtazama Nyamizi, na kibanio chake bado kijani.

"Kitoe basi," mama yake akasema.

Bibi Nyanzala akaja anacheka, akamshika mikono miwili. "Mwacheni apumue. Mimi nimeshazungumza naye. Nilimsalimia akaniitika huko huko ndani, nikajua mtoto wangu mzima. Nikafunga tena."

Mihayo alikuwa anakunywa maji. Akaishusha kata.

"Ulimsalimia, mama? Ndani ya mtihani?"

"Kidogo tu."

"Si nilikufunga?"

"Ulinifunga kabla sijamsalimia. Ungekuwa wewe ungekubali?"

Mihayo akamgeukia Nyamizi, na utani wote ulikuwa umemtoka. "Na wewe uliitika?"

Nyamizi akatazama jamvi.

"Yule kijana wa mtaroni," Mihayo akasema polepole. "Kwa hiyo yule kijana..."

"Ndiyo."

Mama yake akafunika sufuria. Mfuniko ukalia.

Mihayo akaanza kuzunguka pale uani. "Sikilizeni. Yamekwisha. Hakuna aliyejua, si ndiyo? Yule ni kijana, ana nguvu, atafanya mwakani. Wewe ukisema, wanakukata jina. Na ulichosema ni salamu! Salamu, jamani! Mtu afungiwe maisha kwa kumwitikia bibi yake?"

"Na yeye afungiwe kwa kukosa bibi?" Nyamizi akasema.

"Mimi sisemi hivyo."

"Ndivyo ilivyokuwa, Mjomba."

"Sheria yenyewe mbovu."

"Mbovu, ndiyo. Ila mimi ndo niliyebonyeza, na yeye ndo aliyetolewa."

"Nyamizi, mwanangu, kula kwanza. Tutafikiri tukishiba."

Hapo ndipo alipopeleka mkono nyuma ya sikio akakitoa kile kibanio.

Jamani. Ile aibu aliyokuwa ameibana tangu asubuhi ikamwagika nyumba nzima. Mihayo alikaa chini kwenye kinu, pwa, kama kasukumwa. Mama akajifunika uso kwa ushungi. Kale katoto ka Mihayo, hata kuongea hakajui, kakaanza kulia na hakajui kanalilia nini. Hakuna aliyemwambia mwenzake kitu kwa sababu hakukuwa na haja. Wote walikuwa wamekaa kwenye ile meza, wote wanamwona yule kijana anakusanya kifutio chake, wote wamefunga mdomo.

Bibi ndo alikuwa wa kwanza kusogea. Alikuwa analia bila sauti.

"Nileteeni kanga yangu ya kutokea," akasema. "Mihayo, washa hicho kidudu chako."

"Mama, watatu hatuenei."

"Tutaenea."

Wakaenea. Yule mama mzima, kapanda mishikaki, kanga inapepea.

Walimkuta Bwana Malogo juu ya ngazi anamteremsha Popo. Kilichokuwa muhimu ni hicho: Popo akishafungwa kwenye sanduku lake, kila alichosikia kinapelekwa kwa wakubwa, na hapo hata useme nini, hakirudi. Mguu mmoja wa mashine ulikuwa umeshatoka kwenye ndoano.

"Mzee, usimshushe," Nyamizi akasema.

"Wanyamwezi, mmerudi? Mmesahau mzigo?"

"Aliyezungumza ni mimi."

Bwana Malogo akabaki ameshika Popo kama anambembeleza. Akashuka ngazi moja. Akashuka nyingine.

"Rudia."

"Ni mimi. Nilibonyeza kibanio. Yule kijana hakuhusika."

Bibi akajitanguliza. "Baba, mimi ndo niliyemgonga. Nilikuwa namsalimia. Niadhibu mimi."

"Bibi," Bwana Malogo akasema, na sauti yake haikuwa ya kutania tena, ilikuwa ya mtu aliyekumbuka kwao, "kugonga si kosa. Kufungua ndo kosa." Akamtazama Nyamizi. "Nilikuuliza. Nilisimama mbele yako nikauliza mara mbili."

"Ndiyo, mzee."

"Nikamtoa mtu kwa sababu yako."

"Ndiyo."

Angemkaripia, ingekuwa nafuu. Hakumkaripia. Alikwenda kwenye bunda la karatasi, akaitafuta ya Nyamizi, akaipiga mhuri mwekundu ubavuni. Karatasi ile nzuri yote, na mbuzi wake na mashahidi wake.

"Jina lako linakatwa. Utarudi lini hapa, hilo wataamua wakubwa, na wakubwa hawana haraka." Halafu akavuta pumzi. "Yule kijana tutampata wapi sasa?"

"Yuko mtaroni," Mihayo akasema.

Na kweli, alikuwa pale pale. Bwana Malogo alikwenda mwenyewe, na shati lake lile, akainama. Walichosemezana hakikusikika. Obadia akarudi ndani, akawekwa meza ile ile peke yake katika ukumbi mzima, akarudishiwa muda wake aliodhulumiwa. Wale watatu wakangoja nje kwenye kivuli cha ukuta. Mihayo alijaribu kusema kitu cha kuchekesha mara moja, kikamfia mdomoni.

Obadia alipotoka, Nyamizi alikuwa amesimama. Alikuwa amejiandalia maneno mengi. Yakabaki mawili.

"Nisamehe, kaka."

"Nilikuona," Obadia akasema. "Nilikuona unabonyeza."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angeniamini? Wewe ulikuwa kijani." Akahamisha begi lake mkono huu kwenda huu. "Nilikaa pale mtaroni nikasema, akitoka atakuja. Ukatoka, ukapanda pikipiki."

Nyamizi akainamisha kichwa. Hilo lilimchoma kuliko mhuri.

Bibi Nyanzala hakungoja wamalizane. "Mjukuu wangu, umekula?"

"Bado, Bibi."

"Tangu lini?"

Obadia akafikiri, na vile alivyofikiri muda mrefu, Bibi akamshika mkono, akaanza kutembea naye. Pikipiki isingeweza kubeba wanne, kwa hiyo hakuna aliyepanda. Mihayo aliikokota.

Pale nyumbani jogoo alikuwa amepoa. Mama akampasha tena, akapasha na nsansa, mchuzi ukapungua ukawa mzito. Mihayo, bila kuambiwa, alichukua kibanio cha Nyamizi, akajibana. Halafu akatafuta kamba ya plastiki, akajaribu kuwafunga wengine, maana mgeni hana uzi, na haikuwa adabu waonjeane wao kwa wao yeye akiwa amekaa kama jiwe. Kamba haikufaa. Basi wakafunga kwa mkono, kila mtu kashika nyuma ya sikio lake mwenyewe, mpaka nyuzi zikazimika. Nyumba ikawa kimya. Ikabidi watu waulizane kwa mdomo.

"Unakula paja au kidari?" mama akauliza.

"Chochote, mama."

"Hapa hakuna kipande kinaitwa chochote," Mihayo akasema, na yule kijana akatabasamu, kidogo sana, halafu akakumbuka akaacha.

Nyamizi akaja na birika na beseni kumnawisha. Alipiga magoti, akamimina maji. Obadia ananawa. Akakung'uta vidole.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Labda baadaye. Labda hapana. Leo nina njaa tu."

"Sawa."

Akabaki amepiga magoti na birika lake, hajui kama ana haki ya kukaa kwenye jamvi lile au arudi jikoni. Wengine nao wamesimama, kila mmoja anamngoja mwenzake, na mvuke wa wali unapanda katikati yao.

"Mbona mmesimama kama nguzo?" Bibi Nyanzala akasema. "Kaeni, kuku huyu hapashwi mara ya tatu." Akampisha Obadia upande wa ukutani, kwenye mahali pa kuegemea. Halafu akamvuta Nyamizi kwa mkono wa nguo, akamweka hapo hapo, ubavuni kwa yule kijana, na Obadia akasogeza goti lake kidogo apate nafasi. Mama akakaa. Mihayo akakaa, katoto mapajani. Wakakaa wote, wakaanza kula.